Mteremko wa Ngazija

Mwanagenzi haulizwi, hutazamwa. Methali hiyo mmeisikia leo pale gereji, fundi alipomnyima yule kijana anayejifunza kwake funguo za pikipiki, mkacheka mkidhani ni maneno ya kumdhalilisha mwenzenu. Sasa mnataka kujua imetoka wapi. Kaeni niwaeleze, maana haikutoka kwenye kicheko. Chanzo chake ni msiba, na msiba wenyewe ulikuwa hivi.

Hapa Muheza alikuwako mtu akiitwa Mbaruku, mfanyabiashara wa machungwa, mpenda pikipiki kuliko usingizi wake. Alikwisha kwenda nayo Malawi, akaenda nayo Zambia, akarudi amekonda na ngozi imeungua kwa jua, lakini uso unang'aa kama wa bwana harusi. Ikawa nchi kavu haimtoshi tena. Akataka kuvuka bahari. Akapanga safari ya Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro: pikipiki zipakiwe melini Dar es Salaam, zishushwe Moroni, na kutoka hapo wakizunguke kisiwa chote, wakilala kwenye hema, wapande huko juu kwenye mlima wa moto, ndipo warudi kusimulia.

Ugenini mtu haendi peke yake. Mwenzake wa siku zote alishikwa na mgongo, daktari akamkataza kupanda pikipiki. Mbaruku akamkumbuka Hatibu, mtoto wa dada yake Mwantumu. Hatibu alikuwa kijana mpole, mwana wa kiume wa pekee kwa mama yake, na pikipiki alikuwa ameinunua msimu ule ule wa machungwa. Bado alikuwa akiinama kutazama mguu wake kila anapobadili gia.

Msije mkasema Mbaruku alikuwa mzembe. Hakuwa. Alikuwa mtu wa kupanga mpaka anachosha. Kila jioni alikuja barazani kwa dada yake, akaitandaza ramani juu ya mkeka, majirani wakakaa na vikombe vyao vya kahawa, safari ikapangwa upya kama ndoa. Alifikiria tyubu za akiba, alifikiria maji, alifikiria homa. Akasema kule magari hupita kulia, siyo kushoto kama kwetu, na mtu akijisahau kidogo tu amekwisha. Kwa hiyo akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani wa kila pikipiki, upande wa kulia, ili jicho likumbuke. Majirani wakatikisa vichwa wakasema huyu bwana ana akili.

Na kila alipomaliza jambo alimgeukia Hatibu akamuuliza. Mchanga utauweza? Milima je? Kuendesha na mzigo nyuma? Hatibu alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, macho chini, akijibu lile lile, nitaweza, mjomba.

Sasa nyinyi niambieni, angejibu nini? Mtoto aliyelelewa akalelewika, anaulizwa na kaka wa mama yake, mbele ya watu wazima, kama anaweza. Aseme hawezi? Mjomba ni mama. Kumwambia siwezi ni kama kumrudishia sahani ya chakula mbele ya wageni. Na kijana mwenyewe, hata kama siyo heshima, yupo kijana gani anayekubali kuonekana mwoga? Lakini Mbaruku alilipokea lile jibu kama mtu anayepokea stakabadhi, akaliweka, akapita kwenye jambo jingine.

Wakafanya safari ya majaribio, kupanda milima ya Amani na kushuka, maana kule kona ni nyingi. Mbaruku alitangulia. Mkuu wa msafara hutangulia, ndivyo alivyozoea. Akafika juu, akanywa chai, akasubiri mpaka chai ya pili ikapoa. Hatibu alipotokea alisema alizuiwa na lori la magogo. Kushuka ikawa vile vile, mjomba mbele, mpwa hajulikani yuko wapi. Alipofika chini aliulizwa, vipi? Akasema salama, mjomba. Yakaisha.

Aliyeona kitu alikuwa Mwantumu. Asubuhi yake alikuwa akifagia, akavikuta viatu vya Hatibu mlangoni. Vilikuwa vipya, vya kununuliwa kwa ajili ya safari. Akaviinua, akavigeuza. Soli zilikuwa zimelika kwa mbele, zimelainika kama sabuni iliyokwisha. Mama hakuwa anajua pikipiki, lakini alijua kiatu. Jioni Mbaruku alipokuja hakumkaribisha hata kahawa.

"Kaka, hebu tazama viatu vya huyu mtoto."

Mbaruku akavitazama, akacheka kidogo. "Viatu vya siku hizi, dada. Mpira wa kubandika tu. Nitamtafutia buti."

"Sisemi habari ya buti. Nasema mbona vimelika huku mbele? Anatembea na hicho chombo, au anakiburuta?"

Watu barazani wakacheka. Hatibu akainamisha kichwa. Mbaruku akaona aibu kwa ajili ya mpwa wake, akataka kumkingia kifua, akamwita kwa sauti ya wazi kabisa.

"Hatibu, breki unazijua, huzijui?"

"Nazijua, mjomba."

"Ya mbele na ya nyuma?"

"Zote, mjomba."

Mbaruku akamgeukia dada yake, akafungua viganja. "Umesikia? Tusimvunje moyo mtoto, dada. Meli haitungoji, na baada ya hii hakuna nyingine mpaka mvua zipite."

Mwantumu akavichukua viatu, akavirudisha mlangoni. Usiku akamfuata mwanawe chumbani, akamuuliza taratibu kama anaogopa. Siogopi, mama, akasema Hatibu, akaendelea kukunja nguo zake.

Kumbe kijana alikuwa na siri ndogo. Siku za mwanzo kabisa za kujifunza alibana breki ya mbele kwenye kokoto, pikipiki ikamtupa kifudifudi. Tangu siku ile hakuigusa tena. Alitumia ya nyuma peke yake, na penye mteremko mkali alishusha miguu, akaburuza. Vijana wenzake waliijua habari hiyo, wakamtania nayo. Kwa watu wazima haikufika.

Wakavuka. Ngazija iliwapokea vizuri, watu wakarimu, lugha yao ukiitegea sikio unaokota neno hapa na neno pale. Barabara ya pwani ni ya kuridhisha, na kile kitambaa chekundu kilifanya kazi, hakuna aliyekosea upande. Mbaruku akaona mipango yake imejibu. Akaanza hata kutaja safari ya mwakani, ya Bukini, kisiwa cha Madagaska.

Kisha wakapanda mlimani, wakalala kwenye baridi, asubuhi wakaanza kushuka kuelekea baharini. Mteremko ule ni mrefu, kona juu ya kona, pembeni mawe meusi ya volkano, makali kama chupa zilizovunjwa. Mbaruku alitangulia kama kawaida yake. Chini kulikuwa na duka, akasimama hapo, akavua kofia ngumu, akaagiza soda mbili, akageuka kuitazama barabara.

Ndipo alipomwona Hatibu akiteremka. Katika safari zote walizofanya pamoja, za nyumbani na za ugenini, ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona.

Alimwona ametanua miguu yote miwili chini, ncha za viatu zinarukaruka juu ya lami, mzigo unamsukuma mgongoni. Breki ya nyuma ilikuwa imepata moto huko juu, haishiki tena. Mikono imekakamaa kwenye usukani, na vidole vya mkono wa kulia vimekunjwa, vimekaa mbali kabisa na breki ya mbele.

"Ya mbele!" Mbaruku alipiga kelele akikimbia. "Hatibu, shika ya mbele!"

Kijana alimsikia. Akamtazama mjomba wake, akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Vidole havikufunguka. Kona ikafika, na nje ya kona yalikuwa mawe.

Mama mmoja wa pale alitoka dukani, akavua leso yake, akamfunika. Alizikwa alasiri ile ile, katika makaburi ya kijiji ambacho Mbaruku alikuwa hajakijua jina asubuhi. Wenyeji walichimba, wenyeji walisoma, yeye alisimama tu na udongo mkononi, na walipomuuliza marehemu ni mtoto wa nani alishindwa kulitoa jina.

Aliporudi Muheza habari ilikuwa imemtangulia, na matanga yalikuwa yameanikwa. Alipita katikati ya watu mpaka kwa dada yake, akapiga magoti kwenye mkeka. Kote njiani, melini na kwenye basi, alikuwa amejiandalia maneno, na sasa yalimtoka yale yale, moja moja.

"Nilimuuliza, dada. Kila kitu nilimuuliza. Hakuna siku aliyoniambia hawezi."

Mwantumu hakulia mbele yake. Alikaa akimtazama muda mrefu, mpaka wanawake waliokuwa karibu wakaogopa.

"Ulimuuliza," akasema. "Na mimi nilimuuliza. Mtoto tulimuuliza mpaka tukachoka, kaka. Nani alimtazama?"

Mbaruku aliinamisha uso mpaka ukagusa mkeka. Mwantumu akaendelea, sasa siyo kwake tu bali kwa kila mwenye masikio pale uani.

Nanyi wanangu mnaonisikiliza, mwanamke yule yu hai mpaka leo. Ana mtoto mmoja kaburini, ng'ambo ya bahari, na hajawahi kuliona kaburi lenyewe. Aliyoyasema siku ile watu wa matanga waliondoka nayo, yakaenda gereji, yakaenda jikoni, yakaenda kwa wanaofunza kuogelea na wanaofunza kupanda minazi. Alisema: mwanagenzi haulizwi, hutazamwa.