Nyati Aliyemwona Mama Mkwe Kisimani

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na mwamba!

— Na chini ya mwamba kisima!

Kisimani kuna nani?

— Kuna mwenye mapembe!

Na mwenye kiu je?

— Yuko njiani, mpisheni!

Haya, tegeni masikio. Na wewe unayetafuna hapo, tafuna kwa adabu.

Zamani, mwaka wa ukame, vijito vyote vilikauka, kikabaki kisima kimoja tu chini ya mwamba wa Bibi Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, hana mkia, meno mawili mbele na mdomo usiokosa neno. Huyu alikuwa mganga wa miti shamba, mjane mwenye watoto watatu. Siku moja akaja Nyati, akajitupa kisimani, chubwi! Akakaa. Akakaa siku ya kwanza, akakaa ya pili, akakaa juma zima.

"Kisima changu," akasema Nyati. "Maji yangu. Hata tope, langu."

Bibi Pimbi akaenda kumwomba. "Bwana Nyati, naomba kata moja tu ya maji. Watoto wana kiu."

"Kisima changu. Maji yangu. Hata tope, langu."

Bibi Pimbi akarudi na kibuyu, akanyata, nya, nya, nya. Nyati akapiga kwato, puu! Kibuyu kikawa vipande.

Nyumbani, kitinda mimba wake, Kidundu, alikuwa amelala chini, midomo imepasuka, hata kulia hawezi. Bibi Pimbi akamtazama mwanawe, moyo ukamuuma. Alimwogopa Nyati, ndiyo, nani asingemwogopa? Lakini akajifunga kanga kiunoni, akakaza fundo, akasema, "Leo wanangu watakunywa."

Basi kumbe Nyati naye, kwa kulala majini usiku na mchana, kifua kilikuwa kimembana. Ngoho! Ngoho! Mwamba mzima ukitikisika.

"Pimbi!" akanguruma. "Niletee dawa ya kifua! Upesi!"

Bibi Pimbi akaenda jalalani, kunakoota mnanaha, ule mmea wa maua meupe marefu na matunda ya miiba. Waganga wa zamani waliujua. Jani moja juu ya kaa la moto, mgonjwa anavuta moshi, kifua kinafunguka. Akizidisha, anaweweseka. Anaongea na asiyekuwepo, na aliyepo hamjui. Bibi Pimbi alichuma fungu zima, akakumbuka ukubwa wa Nyati, akahesabu, akayatupa mengine. Alitaka akili imhame Nyati kwa siku mbili, hakutaka roho imtoke. Kumuua mgonjwa ni mwiko kwa mganga, hata mgonjwa akiwa Nyati.

Akafika kisimani, akaliweka fungu ukingoni.

"Bwana Nyati, sikiliza masharti. Jani moja. Liweke juu ya kaa, vuta moshi, basi. Usitafune. Usizidishe. Ukizidisha, akili itakuhama."

"Na haya mengine yote?"

"Ya wagonjwa wengine."

Nyati akacheka mpaka akakohoa. "Waganga nawajua mimi! Mgonjwa mnampa kipande, kizima mnakificha!"

"Nimekwambia kweli, Bwana."

"Kweli yako kaa nayo. Dawa yangu. Majani yangu. Hata vijiti, vyangu!"

Nyam, nyam, nyam, gu! Fungu zima likashuka tumboni.

Bibi Pimbi akapanda juu ya jiwe, akaketi. Jua likamchoma mgongo, hakuondoka. Koo likamkauka, hakuondoka.

Punde Nyati akaanza kulamba midomo. Macho yakamtoka, meusi, makubwa. Akaanza kukamata nzi hewani, na nzi hata mmoja hakuna. Akauita mkia wake kwa jina la mwanawe. Kisha akageuka, akakiona kichuguu chekundu kilicho ukingoni, kile alichokuwa akijikunia mgongo kila siku. Akainama.

"Shikamoo, mama."

Kichuguu kikanyamaza.

"Pimbi," Nyati akanong'ona, "mama mkwe wangu kaja lini?"

Mwingine hapo angedanganya. Bibi Pimbi akasema, "Mimi naona kichuguu, Bwana."

"Shika adabu yako! Mama aliyemzaa mke wangu unamwita kichuguu?"

"Haya, huenda macho yangu mabaya. Lakini kama wewe unamwona mkwe, mbona unaoga mbele yake?"

Lo! Mila mnaijua. Mwanamume akikutana na mama mkwe njiani, hupisha. Huinamisha macho. Mbele yake hali, mbele yake hanywi, na kuoga ndiyo usiseme. Nyati akaruka kutoka majini, bwata! Akatafuta cha kujifunika, akapata mkia, nao haukutosha.

"Samahani, mama. Nilikuwa napita tu, mama."

Akarudi kinyumenyume, magoti yamepinda, akaingia kwenye miiba, akatoka kwenye miiba. Ulimi ulikuwa mkavu kwa ile dawa, maji yako pale pale, anayaona. Anapiga hatua moja kuyafuata, anakiona kichuguu, anarudi hatua mbili. Akaenda hivyo hivyo, kinyumenyume, mpaka akatokomea upande wa pili wa kilima, kwenye mto wa mbali, ambao miguu mifupi ya pimbi haifiki.

"Wanangu!" Bibi Pimbi akapaza sauti. "Njooni mnywe!"

Akambeba Kidundu mgongoni, akamtumbukiza mdomo majini. Gudu, gudu, gudu. Mtoto akafumbua macho, akaomba tena. Akaja Nungunungu, akaja Digidigi na mkewe, wote wakanywa. Bibi Pimbi akalia mbele yao bila kuficha.

Siku ya tatu, Nyati akarudi. Akili zilikuwa zimemtulia. Wote wakakimbia, isipokuwa Bibi Pimbi, aliyesimama mbele ya maji na Kidundu nyuma yake. Nyati hakusogea. Alisimama mbali, kajificha nyuma ya kichaka, mapembe nje.

"Bibi Pimbi," akaita, na hakuwahi kumwita Bibi hata siku moja. "Niambie kweli. Mama mkwe alinikuta naoga?"

Bibi Pimbi alimjua mgonjwa wake: akiambiwa kweli, haamini.

"Hapana, Bwana. Hakuja mtu. Ulitafuna dawa nyingi ukaweweseka, ukakiamkia kichuguu."

Nyati akakohoa. Ngoho!

"Una huruma wewe. Unanisitiri aibu yangu."

"Nakwambia kweli."

"Usinifariji. Alikasirika sana?"

"Kichuguu hakikasiriki, Bwana."

"Basi nimeelewa," akasema Nyati kwa huzuni. "Hata kutajwa mbele yangu hataki."

Akainamisha kichwa, akaenda zake, na kisimani pale hakukanyaga tena.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda anirudishie kama nilivyompa.

Na funzo? Mnadhani nitasema masharti ya dawa yafuatwe, au tamaa ni mbaya? Thubutu! Funzo ni moja tu: mama mkwe aheshimiwe, hata akiwa kichuguu. Umesikia, mkwe wangu, wewe uliyejificha nyuma ya mlango? Basi chukua ndoo hiyo, ukanichotee maji.