Mama Ngiri na Vijana wa Kichuguu

Paukwa!

Pakawa!

Sauti za wakubwa sizisikii. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na baraza lao, palikuwa na kichuguu kikavu. Ndani yake waliishi nguchiro vijana sita. Mama zao walitoka alfajiri kutafuta chakula mbali, wakarudi jua likizama. Mchana kutwa vijana walikuwa peke yao. Wanacheza. Wanapigana. Wanashinda na njaa.

Mkubwa wao aliitwa Siwema, msichana mwepesi wa miguu na mwepesi wa mdomo. Aliyemfuata ni mdogo wake, Chande.

Siku moja akaja Bweha.

"Hamjambo, wanangu?"

"Hatujambo. Shikamoo, mjomba."

"Mnakaa na njaa, na mayai yamejaa kichakani kwa Kanga! Mimi mnene, miiba hainipishi. Ninyi wembamba. Ingieni mlete. Ninyi moja, mimi mawili."

Wakaingia. Pu! Pu! Mayai ya Kanga yakaisha. Kanga akataga tena. Yakaisha tena.

Kanga akaenda kulia barazani. Mbogo akasimama, akapumua, puuu! "Kile kichuguu kesho nakikanyaga. Kwisha maneno."

"Kikanyagwe!" wakasema wengi.

Mama Ngiri akauliza, "Mchana watoto wale wanakaa na nani?"

"Na Bweha," akasema Pimbi. "Mimi nawaona kutoka jiweni kwangu."

"Basi nipeni mwezi mmoja. Nitakaa nao mimi."

"Utapata nini?" akauliza Mbogo.

"Sitaki kitu. Nina watoto, na wanangu wanapita njia ile ile."

Pimbi akasema, "Nami naenda. Kazi yangu kuota jua. Nitaliota kule kule."

Kulipokucha wakaenda. Siwema akatoa kichwa. "Nani kawatuma?"

"Tumekuja wenyewe," akasema Ngiri. "Nina kupe, wananiwasha. Ninyi mna meno membamba."

Nguchiro wakacheka, kwa kwa kwa! Wakamrushia mchanga. Ngiri akalala chini, akafumba macho. Jioni akaenda zake. Kesho akarudi. Wakamrushia mchanga. Keshokutwa akarudi.

Siku ya nne kitindamimba wao akasogea, akang'oa kupe nyuma ya sikio. Ta! Akatafuna.

"Mtamu!"

Wote wakapanda mgongoni. Ngiri akawafundisha. "Kwanza mwombe ruhusa mwenye ngozi. Usivute kwa pupa, ataumia. Masikioni, halafu kwapani." Wakashika kazi. Wakashiba. Bweha akitokea, Pimbi analia juu ya jiwe, kwiii! Ngiri anasimama. Bweha anageuka.

Lakini siku ya ishirini Ngiri hakuja. Mwanawe aliugua. Pimbi akangoja, akangoja, akasinzia. Jua likafika utosini. Bweha huyo, nyatu nyatu.

"Yuko wapi mama yenu wa kupe? Kawachoka. Twendeni, Kanga ana mayai kumi na mawili."

Siwema akaitazama njia. Hakuna mtu. Roho ikamuuma, kisha ikawa hasira. Akamfuata Bweha, yeye na Chande.

Akapenya miibani, Chande akabaki nje na Bweha. Akalikumbatia yai moja. Lilikuwa na joto. Mara akasikia mtu anahema nje, heu! heu! Ngiri alikuwa amefika kichuguuni, hakuwaona, akafuata nyayo mbio.

"Siwema," akaita, "nimechelewa. Mwanangu anaumwa, na sikutuma mtu kuwaambia. Kosa langu. Ulinisubiri?"

"Nilikusubiri," akasema Siwema.

"Haya, toka twende. Ulichoshika, kirudishe."

"Lilete huku!" akanguruma Bweha.

Siwema akaliweka yai penye wenzake. Akatoka mikono mitupu. Ngiri akageuza pembe zake upande wa Bweha, na Bweha akatimka. Chande akatimka naye. Wakamwita, "Chande! Chande!" Hakugeuka. Hakurudi tena, na mama yake kila jioni alilitaja jina lake.

Mwezi ukaisha. Baraza likakaa. Kanga akaja na vifaranga kumi na viwili.

"Wameanguliwa wote," akasema. "Lakini niliona nyayo kichakani kwangu. Za nani?"

Siwema angeweza kunyamaza. Akasimama. "Zangu. Nilishika yai lako moja. Nikalirudisha."

"Na yale ya mwanzo?"

"Yale tuliyala."

Mbogo akapiga kwato, di! Kanga akamtazama Siwema. Akamtazama sana. Kisha akamsogelea, akainamisha shingo.

"Nina kupe hapa, mdomo wangu haufiki. Mng'oe. Taratibu."

Siwema akamng'oa. Taratibu.

Na kichuguu hakikukanyagwa.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: kijana akiachwa peke yake mchana kutwa, mwenye nia mbaya atamfikia. Mtangulie. Nenda ukakae na kijana huyo, na kesho urudi. Na siku ukimkosea, mwambie umemkosea.

Hadithi yangu imefika hapo, na hapo naiacha.