Kiboko na Hotuba Iliyokuwa Bado Inaandikwa

Hadithi inabisha hodi!

— Karibu ndani!

Imekuja na matope miguuni!

— Ijifute, ipite!

Haya, sogeeni. Wewe uliyekaa mlangoni kunja miguu, Kiboko anataka kupita.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikwisha kuwa na simu, alikuwapo Kiboko. Kulikuwa na bwawa moja tu, na bwawa lilikuwa la wote, ila Kiboko alilala katikati. Kila familia ilikuwa na zamu yake ya kunywa. Zamu ziliandikwa kwenye daftari, na daftari Kiboko alilikalia.

Akija Swala: "Kaka Kiboko, leo zamu ya nani?" Kiboko analivuta daftari kutoka chini ya makalio, puuu, anasoma: "Zamu ya Kiboko." Kesho yake akija Kobe: "Kaka, leo zamu ya nani?" "Zamu ya Kiboko." Akija Ngiri: "Na leo?" "Hm. Ngoja nione. Kiboko." Wanarudi na makoo makavu. Nani atabishana na mdomo ule?

Basi mwaka huo wanyama wakaitisha mkutano wa jamii kuhusu wingu. Msiangalie juu, silo hilo la mvua! Hili ni la kompyuta. Unaandika jambo lako, linawekwa kwenye kompyuta kubwa huko mbali, na kila uliyempa ruhusa analifungua kwenye simu yake, analisoma, hata analirekebisha. Kitu ni kimoja, macho ni mengi.

Mshereheshaji alikuwa Bi Kanga. Akatangaza kwenye kundi la simu: "Mzungumzaji mkuu ni Pimbi. Akimaliza, tutaamua daftari la zamu likae wapi."

Pimbi! Yule mdogo wa kwenye mawe, asiye na hata mkia! Kiboko aliposoma, wivu ukamkaba. Akameza mate, gudu! Akasema, "Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Kesho yake Bi Kanga akatuma picha ya Pimbi, kachana nywele. Wanyama wakaijazia mioyo na makofi. Kiboko akameza mate, gudu! "Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Kesho kutwa akasikia Pimbi ametengenezewa beji yenye utepe mwekundu. Gudu! "Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?" Mchana hakula. Jioni akala mara mbili.

Tena niwaambie, wivu huo haukuwa wa maji tu. Kwa miaka tisa Kiboko ndiye aliyesoma muhtasari wa kila kikao, kwa sauti ya kutikisa vikombe, na hakuna aliyewahi kumpigia kofi hata moja. Wanyama walimwogopa. Pimbi akipita wanamwita, "Njoo ukae nasi!" Kiboko akipita wanakumbuka wameacha chungu motoni. Hilo lilimuuma kuliko kiu inavyouma.

Akaenda kwenye mawe, tifu, tifu, tifu. Akamkuta Pimbi anaota jua, kidole gumba kwenye simu, ta! ta! ta!

"Hodi, mdogo wangu."

"Karibu, kaka. Ila usipande, jiwe langu nalihitaji."

"Nasikia una hotuba. Nitumie nikuangalizie lugha. Unajua mimi ndiye msomaji."

Pimbi akamtazama toka puani mpaka mkiani. Akatabasamu kwa meno yake mawili. "Nakutumia linki, kaka. Ukiibonyeza inafunguka. Lakini nakwambia mapema, bado naiandika."

"Haidhuru, mdogo wangu. Mimi naiangalia tu."

Tii! Linki ikaingia. Kiboko akarudi bwawani mbio, akafungua. Juu kabisa paliandikwa *Hotuba ya Pimbi*. Akafuta Pimbi, akaandika Kiboko. Akaitazama, akaipenda. Yeye alijua hivi: kitu kikishaingia kwenye simu yangu ni changu, kama jani lililoingia mdomoni. Ndiyo akili aliyokwenda nayo kwenye mkutano wa wingu.

Siku ikafika. Wanyama wakavaa beji, wakanywa chai, wakagombea sambusa, wakaketi. Kiboko akapanda jukwaani kabla hajaitwa. Jukwaa likalia ng'wii!

"Kaka," akasema Bi Kanga, "anayezungumza ni Pimbi."

"Pimbi anaumwa koo. Kanituma mimi."

Wote wakageuka. Pimbi alikuwa kiti cha nyuma kabisa, nyuma ya Kobe. Akakohoa, kho! kho! "Ni kweli," akasema kwa sauti ya mkwaruzo. "Koo limekauka. Kaka anisomee."

Kiboko hakuamini bahati yake. Akatoa simu, akaiweka karibu na pua.

Sasa, Kiboko alikuwa na tabia moja. Akisoma, hasikii anachosoma. Miaka tisa ya muhtasari ilimfanya hivyo. Maneno yanaingia machoni, yanatokea mdomoni, katikati hayapiti popote. Na husoma kila kitu, hata nukta.

"Hotuba ya Kiboko, nukta," akaanza. "Ndugu wanyama, mkato, wingu ni la wote, nukta."

Makofi! Pa! pa! pa! Kiboko akasikia raha mpaka kwenye kucha. Huko nyuma Pimbi akainama, ta! ta! ta!

"Mimi Kiboko, mkato, nimelikalia daftari la zamu miaka tisa, nukta."

Masikio ukumbini yakasimama. Ta! ta! ta!

"Zamu ya Swala nimekunywa mimi, nukta. Zamu ya Kobe nimekunywa mimi, nukta. Zamu ya Ngiri nimekunywa mimi, mkato, na nikaogea, nukta."

Ngiri akasimama. Ta! ta! ta!

"Leo daftari lote naliweka kwenye wingu, mkato, kila mmoja alifungue kwa simu yake, nukta. Na mimi nahamia pembeni mwa bwawa, nukta. Ukurasa wa pili."

Hapo ndipo masikio yake yalipofika. Mdomo ukabaki wazi. Akaitazama simu: herufi zilikuwa zinajipanga zenyewe, moja baada ya moja, mbele ya macho yake. *A. S. A. N.* Akainua kichwa, akakiona kidole gumba cha Pimbi.

Akataka kunguruma, "Si mimi! Kaandika Pimbi!" Lakini akisema kaandika Pimbi, basi hotuba si yake, na aliyesimama pale ni mwizi mwenye beji. Akameza mate, gudu!

"Asanteni," akasoma.

Swala akaanza kulia. "Sijawahi kuona mkubwa anakiri mbele za watu!" Makofi yakaanguka, pa! pa! pa! Kobe akasema, "Kaka, una moyo." Ngiri akamkumbatia mpaka mikono yake ilipoishia. Wakajaribu kumbeba juu, wakashindwa, wakapiga vigelegele. Bi Kanga akamvika ule utepe mwekundu. "Kaka Kiboko! Njoo ukae nasi!" Na Kiboko, aliyepoteza bwawa asubuhi ile, akaona haya na furaha kwa pamoja.

Akienda kukaa, akapita karibu na Pimbi. Hakuna aliyekuwa anamwangalia Pimbi. Mtu mmoja tu alimletea maji ya moto yenye tangawizi, kwa ajili ya lile koo. Angesema nini? Mgonjwa wa koo hapigi kelele.

Kiboko akaiona ile sura, akaijua. Alikuwa nayo mwenyewe tangu siku ya tangazo.

Pimbi akameza mate, gudu! "Kwa nini yeye?" akanong'ona. "Kwa nini si mimi?"

Na mafunzo, wanangu? Hadithi hii inatufundisha tuoneane wivu. Kiboko asingeona wivu, mpaka leo Swala angekuwa analamba umande. Basi oneni wivu, chukueni hotuba za wenzenu, ila msome kwa sauti kubwa.

Hadithi inaaga!

— Iende salama!

Imeacha matope yake mlangoni!

— Mwambie Pimbi afagie!