Hatua Mia Tatu hadi Chemchemini

Aliyenisimulia kwanza hadithi hii ni wifi yangu Nzasu, siku moja tukipukuchua mahindi. Sogeeni, wanangu, nami niwape.

Hapo kale sana, ukungu ulipokuwa ukilala bondeni mpaka jua liukanyage, wanyama walikuwa na nyumba, vyungu na majirani. Mzee Chui alikaa kilimani. Chini yake palikuwa na chemchemi, na karibu na chemchemi aliishi Mama Digidigi na watoto wake wawili.

Chui alikuwa amezeeka, miguu imemlegea. Akamwambia shemeji yake, Fisi, "Sasa nataka bunduki. Nijilaze mlangoni kwangu, nipige pale chemchemini, nyama ipatikane."

"Hii hii hii!" Fisi akacheka. "Shemeji, umechelewa wapi siku zote?"

Wakashuka na chungu cha asali, ya kulipia bunduki. Wakamkuta Mama Digidigi akifagia uwanja.

"Mama, tubebee mzigo huu mpaka kwa Nungunungu," alisema Chui. "Naenda kununua bunduki."

"Ya kuwinda nini, Mzee wangu?"

"Kanga tu, Mama. Kanga tu."

Lakini Fisi alikuwa akiwatazama wale watoto wawili, huku akijilamba. Mama Digidigi alimwona. Moyo ukampiga: ndu, ndu, ndu. Akabeba asali, akawafuata.

Nungunungu alikuwa fundi na muuzaji wa bunduki. Akazipanga tatu ukutani.

"Hii fupi ni rahisi, Mzee Chui, lakini risasi yake huchoka njiani. Hii ndefu hupiga mpaka ng'ambo ya mlima, ila kwa bei yake utauza nyumba."

"Na hiyo ya katikati?"

"Ahaa! Hii ni ya mnunuzi mwenye akili. Asali hiyo inatosha, na risasi mbili nakuongezea. Kwa masafa ya wastani haina mwenzake. Ila lazima nikufungie kibao cha kulengea. Ukipiga karibu, nakishusha. Ukipiga mbali, nakipandisha, kwa sababu risasi huinama kadiri inavyokwenda. Haya, toka mlangoni kwako hadi chemchemini ni hatua ngapi?"

Chui akakunja uso. Kwao mkubwa hapimi ardhi, hupimiwa.

"Mimi nihesabu hatua kama kibarua? Mama Digidigi, nenda ukapime!"

"Naam, Mzee."

Akaenda. Ukungu ulikuwa mzito, akawa kama anatembea ndani ya maziwa. Akaanzia mlangoni kwa Chui, kwato ikifuata kwato bila kuacha nafasi. Tik, tik, tik. Watoto wake wakatokea kama vivuli.

"Mama, unacheza?"

"Nacheza, wanangu. Msinisemeshe, nitasahau."

Akarudi dukani. "Mia tatu kamili."

"Mbali hivyo?" Fisi akashangaa.

"Basi nenda ukahesabu wewe, Bwana Fisi."

"Aka! Mimi, shemeji yake Chui?"

Nungunungu akashika bisibisi. Kwiri, kwiri, kwiri! Kibao kikapanda juu, kikakazwa.

Alfajiri iliyofuata, Mama Digidigi aliwaficha watoto vichakani. Akaenda chemchemini peke yake, akainama, akanywa.

PAAA!

Risasi ikapita juu yake, vwiiii, kama nyuki aliyepotea njia. Ikatoboa ukungu. Mwanga mwembamba ukashuka kupitia tundu lile, ukatua majini. Mama Digidigi akaendelea kunywa.

PAAA!

Tundu la pili. Sasa nyuzi mbili za mwanga zikawa zinacheza majini, polepole, kama zinaota.

"Hii hii hii! Shemeji, umeua ukungu!" Fisi akagaagaa chini kwa kicheko.

Chui akatupa bunduki. Akashuka kilima mwenyewe, akihesabu kwa hasira. "Moja! Mbili! Tatu!" Alipofika kwenye maji alikuwa kwenye sitini.

"Sitini! Mama Digidigi, si ulisema mia tatu?"

"Mia tatu zangu, Mzee. Hukuniambia nikapime kwa miguu yako."

Chui akaitazama miguu yake mikubwa, kisha kwato zile ndogo. Asali imekwisha, risasi zimekwisha, na pumzi ya kumkimbiza hana. Akapanda kilima taratibu, ukungu ukammeza.

Wanangu, funzo ni hili: anayeona haya kupima mwenyewe hupimiwa na mawindo yake.

Na kesho yake asubuhi Mama Digidigi aliwaamsha watoto wake, wakashuka chemchemini wote watatu. Akawaacha wanywe kwanza, wachezee maji mpaka wachoke, naye akanywa mwisho.