Bwawa Lililovurugwa

Mtu mmoja alikuwa na bwawa la perege nyuma ya migomba yake. Jina lake Lwitiko. Samaki wale aliwafuga kwa ajili ya harusi ya binti yake, Tusa, kwa kuwa hakuwa na ng'ombe wa kuchinja. Kila asubuhi ndege mdiria alijitupa majini, na mara nyingi aliondoka mdomo mtupu. Perege mmoja akiona kivuli hushtuka. Wa pili humwona akishtuka, wa tatu humwona wa pili, na kundi zima limekwisha kuzama kabla halijajua linakimbia nini.

Lwitiko hakulitazama hilo. Aliwatazama wale wachache walioliwa, akaumia. Akasema moyoni, mdiria asipoona, hatakula. Basi akachukua jembe, akawa anavuruga udongo kwenye mfereji wa kuingizia maji, siku baada ya siku, mpaka bwawa likawa kama uji wa ulezi. Kweli mdiria akahama. Lwitiko akafurahi, na nani asingefurahi?

Kisha akaja fisi maji kutoka mtoni. Huyu hata asipoona huwinda, kwa kupapasa kwa masharubu yake. Alimkamata perege mmoja, na wa jirani hakujua. Akamkamata na wa jirani. Ukingoni ikakutwa mifupa na magamba, na harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Lwitiko, masikini, akaongeza tope.

Mkewe Subilaga akaushika mpini wa jembe.

"Baba Tusa, umewaficha samaki ili adui asiwaone, sawa. Lakini sasa hata wao kwa wao hawaonani."

Lwitiko aliona aibu, akaliweka jembe chini. Wakaacha maji ya chemchemi yaingie yalivyo. Siku ya tano bwawa lilikuwa limetakata. Fisi maji alipoingia, perege mmoja aliruka pembeni, na mamia wakageuka pamoja naye. Akatoka amelowa bure. Mdiria naye alirudi, akawa anapata mmoja mmoja, lakini harusini watu walikula wakasaza.

Ndugu yangu, wewe unayetetemeka nyumbani kwako na kila Jumapili kanisani unatuambia hujambo kabisa: jirani yako ataikimbiaje hatari, ikiwa hajawahi kukuona ukishtuka?