Nani Atamkatia Ngamia Majani?

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mmenyimwa chakula? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, Mbuzi na Ngedere walilima ufuta pamoja. Wakavuna, wakampelekea Ngamia mwenye kinu. Ngamia akazunguka, akazunguka, kinu kikalia kwii! kwii! Mafuta yakachuruzika, tii, tii, tii. Kinuni yakabaki mashudu, yale makapi ya ufuta uliokamuliwa.

Mafuta akachukua Ngedere. Mashudu akachukua Mbuzi, maana alikuwa na mapacha wachanga, na akila mashudu maziwa yanajaa.

"Na ujira wangu?" Ngamia akauliza. Ujira wake majani, na tumbo lake mnalijua!

Ngedere akadakia, "Rahisi tu! Tutazame uzito. Mimi nina kibuyu, Mbuzi ana gunia. Mwenye mzigo mkubwa akate majani mengi."

Maskini Mbuzi, akaona ni haki. Akafyeka majani, fya! fya! tangu asubuhi hadi jua likazama. Ngedere akakata kidogo, akaenda zake kulala. Nyumbani mapacha wanalia, mee! mee! Maziwa yapo, mama hayupo. Mbuzi akarudi hoi, akawatazama wanawe walivyokonda, akalia. Akisema ayaache mashudu, maziwa yatakauka. Afanyeje?

Akawaza, akawaza. Siku ya kukamua tena akasema, "Ndugu yangu Ngedere, leo tubadilishane. Wewe mashudu, mimi mafuta. Majani tugawane vilevile, kwa uzito."

Ngedere akaruka juu. "Akuu! Thubutu! Kibuyu cha mafuta gulioni napata mkungu wa ndizi. Gunia la mashudu nani atanipa zaidi ya ndizi moja?"

Lo! Akajiziba mdomo, lakini wapi! Limeshatoka. Ngamia akacheka kha! kha! kha! mpaka akakaa chini.

"Basi wa mkungu akate majani ya mkungu," Mbuzi akasema, "na wa ndizi moja akate ya ndizi moja."

Ngamia akasema, "Hapo sawa. La sivyo, sizunguki."

Ngedere akashika mundu, ananung'unika, anafyeka. Mbuzi akamaliza sehemu yake mapema, mbio nyumbani. Mapacha wakanyonya, wakanyonya, matumbo ndii! Wakarukaruka uani, na mama yao akaruka nao. Raha iliyoje!

Sasa sikieni, wakubwa kwa wadogo: kazi ikiwa moja na ikatoa vitu viwili, gharama yake igawanywe kwa faida anayopata kila mmoja, si kwa ukubwa wa mzigo wake.

Hadithi yangu imeishia hapo, na koo limenikauka. Nani ananipa maji?