Bi Muhanga Aliyehama Uzeeni

Natega!

— Tega tunase!

Nimetega ngano.

— Ivute ije!

Ije na uongo wake?

— Na utamu wake pia!

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, wanyama na binadamu walipokuwa wakiamkiana njiani, paliishi muhanga mmoja mwanamke. Muhanga mnamjua? Yule mwenye pua ndefu kama mchi, masikio kama ya punda, na makucha ya kuchimbia ardhi. Chakula chake ni mchwa. Majirani walimwita Bi Muhanga kwa heshima ya umri wake, maana mvi zilikuwa zimemfika mpaka kwenye kope.

Bi Muhanga alikaa Kavumbi. Alizaliwa hapo, akaolewa hapo, akazaa hapo. Watoto wakakua, kila mmoja akashika njia yake. Mumewe akafa, akazikwa hapo hapo, chini ya kichuguu kikubwa.

Basi mvua ikaanza kuisusa Kavumbi. Mwaka ikanyesha kidogo, mwaka isinyeshe kabisa. Nyasi zikakauka. Mchwa nao wakahama. Bi Muhanga akichimba kichuguu hiki, vumbi. Akichimba kile, vumbi. Akichimba cha tatu, anapata mchwa wa kupaka ulimi tu.

Siku moja hondohondo akatua kwenye mti mkavu.

"Shikamoo, Bi Muhanga."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi umenenepa hivyo?"

"Natoka ng'ambo ya Majabali. Bibi, kule udongo ni mwekundu! Vichuguu vimesimama kama nyumba za watu. Mchwa ni wa kumwaga. Tatizo ni moja tu, kule hakuna anayekujua."

Bi Muhanga akajilamba pua. Akasema, "Mchwa watanijua."

Hondohondo akacheka, akaruka zake. Bi Muhanga hakucheka. Aliingia shimoni kwake, akakunja mkeka, akajaza maji kwenye kibuyu, akatoka.

Hakufika mbali. Alikutana na Ngiri.

"Bibi! Na mkeka kichwani! Unakwenda wapi?"

"Nahama, mwanangu. Nakwenda ng'ambo ya Majabali."

"Na umri huo?" Ngiri akashika kichwa. "Mti mkubwa hauhamishwi, bibi. Ukihamishwa hunyauka. Wewe umezeeka. Kaa utulie."

Bi Muhanga akajitazama miguu. Kweli ilikuwa imepinda. Moyo ukamshuka, akautua mkeka.

"Na kwa kuwa unabaki," akasema Ngiri, "mke wangu amezaa, na shimo letu ni dogo. Hebu tuchimbie jingine."

Bi Muhanga akachimba, udongo ukaruka fu! fu! fu! Ngiri akaingia kinyumenyume kama ilivyo desturi yake, akatoa pua nje, akasema, "Ahsante, bibi. Sasa kapumzike. Umezeeka wewe."

Siku zikapita. Njaa haikupita. Bi Muhanga akakunja mkeka tena, akajaza kibuyu tena, akatoka. Njiani akakutana na Nungunungu.

"Bibi, nasikia unahama. Na mumeo je? Utamwacha peke yake? Nani atamfagilia kaburi?"

Hilo lilimchoma Bi Muhanga kuliko mwiba wowote wa Nungunungu. Alikaa chini akalia. Akautua mkeka.

"Usilie, bibi," akasema Nungunungu. "Umefanya vyema kubaki. Na kwa kuwa unabaki, shimo langu limejaa viroboto. Hebu nichimbie jipya."

Bi Muhanga akachimba na tumbo tupu. Fu! fu! fu! Nungunungu akaingia, akasema, "Ahsante, bibi. Kapumzike. Umezeeka wewe."

Siku zikapita. Sasa hata wale mchwa wa kupaka ulimi hawakuwapo. Bi Muhanga akakunja mkeka mara ya tatu, akajaza kibuyu mara ya tatu, akatoka. Na safari hii nani amekaa katikati ya njia?

— Fisi!

Fisi mwenyewe! Amenyoosha miguu, anachokonoa meno.

"Bi Muhanga, Bi Muhanga. Utafia njiani. Nguvu huna, macho huna, meno huna. Ugenini utakuwa nani? Hapa angalau unaitwa bibi. Kule utaitwa 'hebu ondoka'. Tua mkeka, mama yangu."

Bi Muhanga akautua mkeka.

Fisi akatabasamu. "Na kwa kuwa unabaki, nataka shimo refu. Lenye milango miwili. Nikifukuzwa huku, nitokee kule."

Lakini Bi Muhanga hakuanza kuchimba. Aliukalia mkeka wake, akamtazama Fisi, akamtazama sana. Kisha akaita, "Ngiri! Nungunungu! Njooni hapa."

Wakaja.

"Wanangu, nifahamisheni. Nimezeeka?"

"Umezeeka, bibi!"

"Nguvu zimeniisha?"

"Zimekuisha, bibi!"

"Siwezi hata kutembea?"

"Huwezi, bibi!"

"Basi shimo refu lenye milango miwili alichimbe nani?"

Ngiri akatazama kwato zake. Nungunungu akachezesha miiba, cha-cha-cha.

"Kuhama nimezeeka," akasema Bi Muhanga. "Kuwachimbia sijazeeka. Uzee gani huu unaojua saa ya kuja na saa ya kwenda?"

Akasimama. Akaenda kwanza kwenye kaburi la mumewe, akalifagia kwa mkia mpaka likatakata. Akasema, "Mume wangu, wewe umekwisha kufika kwako. Mimi bado niko njiani." Akainamisha kichwa kitambo, kisha akajitwika mkeka na kuimba. Nanyi mwitikieni:

*Pua tangulia, miguu fuata!*

— Twende, bibi, twende!

*Kilichoisha nyuma, mbele nitapata!*

— Twende, bibi, twende!

*Mzee ni hii njia, mimi napitia!*

— Twende, bibi, twende!

Akaenda. Akavuka mbuga, jua likimchoma mgongo. Akavuka mto, maji yakamfika masikioni, na mkeka ukaenda na maji. Akasema, "Nenda, mkeka. Majani ya kusukia yako kila mahali."

Akafika Majabali. Mawe juu ya mawe! Muhanga ni mnyama wa udongo, jamani, si wa mawe. Akapanda, akateleza. Akapanda tena, akateleza tena. Mara ya tatu ukucha wake mkubwa ukanasa kwenye ufa. Akavuta, ukakatika, ka! Damu ikatoka.

Hapo Bi Muhanga aliketi. Akageuka kutazama alikotoka. Kavumbi ilionekana kwa mbali, imelala kama majivu. Akajiambia, "Labda walisema kweli. Labda nimekosea."

Mara akasikia mtu anakuja anahema. Ni Fisi.

"Bibi! Bibi! Msiba! Shimo la Ngiri limeporomoka! Watoto wake wamefukiwa! Wanalia chini ya ardhi! Rudi upesi, hakuna mwingine anayeweza kuwatoa!"

Bi Muhanga akaruka kwa miguu yote. Damu na maumivu akayasahau. Shimo lile alilichimba mwenyewe. Je, alikosea? Je, dari ilikuwa nyembamba? Akaanza kuteremka. Fisi akawa nyuma yake, anamhimiza: "Upesi, bibi, upesi!"

Lakini muhanga ana nini? Ana pua. Fisi alipompita akitangulia, pua ya Bi Muhanga ikacheza. Akasimama.

"Fisi, nyoosha mguu wako."

"Hakuna wakati, bibi!"

"Nyoosha mguu."

Fisi akanyoosha. Bi Muhanga akanusa mguu wa kulia, akanusa wa kushoto. Ilinuka jasho. Ilinuka mifupa ya jana. Udongo mbichi, hakuna.

"Watoto wamefukiwa," akasema Bi Muhanga, "na wewe ulikuwapo, unawasikia wakilia. Una miguu minne na makucha. Hukukwaruza hata mara moja?"

Fisi akairudisha miguu chini ya tumbo.

"Wenzako wametumia uzee wangu kunizuia, nikawasamehe. Wewe unatumia huruma yangu. Kwenda zako."

"Nani atanichimbia, bibi?" Fisi akalia, na safari hii alilia kweli. "Mvua zikija nitalala wapi?"

"Jichimbie."

Akamgeuzia mgongo. Akapanda Majabali kwa makucha yaliyobaki, polepole, tumbo likisugua mawe. Aliimba, lakini kwa sauti ndogo. Kabla jua halijazama akawa upande wa pili.

Hondohondo hakusema uongo. Udongo ulikuwa mwekundu kama ngeu, na vichuguu vimesimama. Bi Muhanga akachomeka pua kwenye cha kwanza, akala mpaka machozi yakamtoka.

Alikuwa bado anakula aliposikia ukelele.

"Wewe! Nani anatoboa shamba langu?"

Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshika jembe, jina lake Nyamvula. Nyuma yake mbuzi wake wamesimama, wanatafuna.

"Hodi, mama," akasema Bi Muhanga. "Mimi ni mgeni."

"Mgeni gani anabisha hodi baada ya kula? Tazama hilo shimo! Mbuzi wangu akitumbukia avunjike mguu, utamlipa? Ondoka!"

Ndiyo ile "hebu ondoka" aliyoitaja Fisi. Bi Muhanga akaisikia kwa masikio yake yote mawili makubwa. Lakini hakuondoka.

"Mama, wahenga wamesemaje? Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Mimi usinipe. Nimekuja na langu." Akanyanyua mguu wenye makucha, ukucha mmoja umekatika. "Naona nguzo za uchaga wako zimeliwa na mchwa. Mwakani utaweka wapi mahindi?"

Nyamvula akatazama uchaga wake. Kweli, ulikuwa umeinama upande mmoja. Kila mwaka alijenga, kila mwaka mchwa walikula. Akashusha jembe.

"Haya, kula mchwa, basi. Lakini sitaki kuona shimo. Ukichimba, fukia."

Sasa sikilizeni. Bi Muhanga alikuwa amechimba maisha yake yote. Kufukia hakuwahi kufukia hata mara moja! Kavumbi shimo huachwa, mwingine akaingia. Siku ya kwanza alifukia, mbuzi akapita, akatumbukia mpaka tumboni. Nyamvula akapiga kelele. Siku ya pili alifukia, akasahau akafukia na mkia wake mwenyewe. Nyamvula akacheka mpaka akakaa chini.

"Bibi mzima hujui kufukia!"

"Sijui," akasema Bi Muhanga. "Nifundishe."

Nyamvula akamfundisha. Weka udongo kidogo, shindilia. Weka tena, shindilia. Miguu ile iliyopinda ikajifunza kazi mpya. Mwezi ulipoandama, mbuzi walikuwa wakipita juu ya mashimo yake na wasijue. Nguzo zikapona. Uchaga ukasimama, mahindi yakajaa. Nyamvula akamwonyesha Bi Muhanga mahali nyuma ya shamba, akasema, "Pale ni pako. Pale chimba wala usifukie."

Bi Muhanga akachimba shimo la kulala yeye mwenyewe.

Mwaka ule mvua kubwa zikanyesha kila mahali, hata Kavumbi. Asubuhi moja Ngiri akatokea, yeye na mkewe na watoto wao, wote wamelowa chepechepe.

"Shikamoo, bibi," akasema, macho chini.

"Marahaba. Kumekuwaje?"

"Mashimo yamebomoka, bibi. Tulikuwa hatujui kuyatengeneza. Nungunungu amekimbilia mapangoni. Fisi alijitia kwenye shimo lako la zamani, akalala humo bila kuligusa. Udongo ukamwangukia kiunoni. Tulimtoa, lakini mgongo umeshuka nyuma, hausimami tena."

Ndiyo maana mpaka leo fisi hutembea kiuno chini, kama mtu aliyebeba dari.

Ngiri akasitasita. Kisha akasema, "Bibi, tulikuambia umezeeka. Tulikuwa tunajipendelea sisi."

"Nilijua," akasema Bi Muhanga. "Karibuni. Leo mtakula, kesho mtachimba. Nitawaonyesha, lakini sitawachimbia."

Ngiri akaitazama nchi ile nyekundu, akauliza, "Na Kavumbi, bibi, huikumbuki?"

"Naikumbuka kila jioni. Lakini kukumbuka hakunizuii kula." Akakung'uta udongo kwenye pua, akashika njia ya shambani, maana Nyamvula alikuwa akimwita.

Basi, wenzangu, mafunzo ya ngano ni haya: umri haufungi njia. Kinachofunga njia ni kusikiliza kila mdomo. Anayekuambia umezeeka, mtazame kwanza analala kwenye shimo la nani. Na ukifika ugenini, nenda na jembe lako, na usione haya kusema "sijui, nifundishe".

Ngano yangu imevuka jabali.

— Imevuka salama?

Imevuka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni nikaichemshe upya.